Senetwet ya Kiplimo

Kila asubuhi, Kiplimo alipomaliza kukama, alizunguka shamba lake la chai pale Boito akikagua senetwet zake. Senetwet ni kichaka cha maua ya njano. Mkaa wake akina mama husugua nao ndani ya kibuyu, maziwa yagande yawe mursik. Kwingine vichaka hivyo vilishang'olewa, ikapandwa chai.

Mwaka wa 1996 mgeni mmoja alimwandikia karatasi yenye muhuri, akaondoka na mbuzi kama malipo. Karatasi ilijiita hataza, ikasema chembe za urithi za senetwet ni mali ya Kiplimo. Basi, kichwa kikavimba! Jirani yake Chepchirchir alipokuja kukata tawi, alimfukuza.

"Lakini mzee, Jumamosi wageni wanakuja kuposa binti yangu Janeffer!"

"Hii mti iko na mwenyewe siku hizi."

Wageni walikuja, wakapewa chai tupu. Posa bila mursik! Walitazamana, wakaenda bila kukubaliana lolote. Kiplimo alikuwa ameketi papo hapo, akinywa chai ya wenyewe.

Jumatatu alienda Litein kwa Ogada, afisa wa kilimo, amwandikie chifu barua ya kuwakataza majirani. Ogada alisoma karatasi.

"Mzee, senetwet ni wewe uliitengeneza?"

"Hapana. Niliikuta."

"Na hizo chembe ndani yake?"

"Hata sijawahi kuziona."

"Basi umedanganywa. Hataza ni haki ya mtu amevumbua kitu kipya. Ukibuni mashine ya kuchuma chai, omba. Lakini kitu imejiotea yenyewe, hata ukijua iko na nini ndani, hujaivumbua. Na hiyo mambo ya mkaa, nani alifunza nyumba yako?"

Kiplimo aliinamisha kichwa. "Mama yake Chepchirchir."

Aibu ilimshika, akatamani ardhi immeze.

Alirudi, akakata matawi mwenyewe, akayapeleka. "Mama Janeffer, nimekukosea. Karatasi ilikuwa ya uongo, na mimi nikaipenda."

"Pole haigandishi maziwa," alisema Chepchirchir. "Choma mkaa. Moto washa na hiyo karatasi yako."

Mwanamume mzima alipiga magoti jikoni, kazi ambayo wanaume wa kwao hawaigusi, akapuliza moto hadi masizi yakamjaa usoni. Watoto walicheka. Hakuwakemea.

Maziwa yalipoganda, wageni waliitwa tena, wakanywa mursik, posa ikakubaliwa. Siku hizi senetwet za Kiplimo hukatwa na yeyote. Lakini siku ile ya posa, kikombe cha kwanza Chepchirchir alimpa yeye, mbele ya watu wote. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa bila kuinua macho.