Mfuko wa Tarishi Maganga

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumanne tarehe 12 Machi 1974, Tekla alipokea barua ya kaka yake dirishani pa Ushirika wa Tumaini, Rujewa. Bahasha ilikuwa imeshafunguka, kama ile ya wiki mbili nyuma. Ndani hamkuwa na neno hata moja linalosomeka, ila madoa ya buluu na unga mweupe ulioshika vidoleni.

Jioni basi lilimleta binamu yake kutoka Kalenga. Alikuja kuuliza kwa nini Tekla hakwenda kumzika mama yake, na barua ya ugonjwa alitumiwa wiki tatu nyuma.

Tekla hakulia mbele za watu. Alikwenda moja kwa moja kwa katibu wa Ushirika na kumtaja Maganga, tarishi aliyebeba barua za wanachama kwa baiskeli kutoka sanduku la posta la Chimala. Katibu, mtu wa kupenda mambo yaishe haraka, akapiga simu polisi. Wakakubaliana wamchukue Ijumaa saa tatu. Kisha akakumbuka kuwa kuna utaratibu, akapiga simu makao makuu ya Ushirika, Mbeya.

Makao makuu yakamtuma Mkaguzi Crispin, mtu wa tai na wino mweusi. Jumatano, kabla ya kufika Rujewa, basi lake lilisimamishwa kwenye kizuizi cha mifugo kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Mlinzi, Mika, akampulizia dawa viatu vyake vya ngozi kwa bomba la mgongoni.

"Mimi si ng'ombe, ndugu," Crispin alisema.

"Viatu ni ngozi, ndugu. Shuka, au basi lisubiri."

Saa sita na dakika ishirini alikuwa ofisini Rujewa, na barua tisa zilizolalamikiwa na wanachama zikiwa mezani. Zote zilikuwa wazi, na nane zimechujuka. Moja tu, iliyoandikwa kwa penseli, ilisomeka yote. Katika nyingine mlikuwa na picha ya harusi, haijaguswa.

Maganga aliitwa. Alikuwa Msukuma mrefu, aliyehamia Usangu na ng'ombe wake miaka mitatu iliyopita.

"Umefungua barua za watu?"

"Sijafungua, mzee."

"Zilifika zimefunguka?"

"Zilifika hivyo."

"Huwa unazibeba ndani ya nini?"

Maganga alitazama ukutani, ulipotundikwa mfuko wa turubai wenye chapa ya Ushirika. "Ule pale."

Crispin aliusogelea. Chini ulikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na mdomoni buibui alikuwa ameshatanda utando wake. Akaandika.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi alikuwa Chimala kwa Gideoni, karani aliyekuwa akifungua sanduku la posta la Ushirika. Katibu alikuwa amemnong'oneza kwamba Gideoni naye ana tabia ya kuchungulia mambo ya watu. Labda alikuwa nayo. Lakini daftari lake lilionyesha kila barua imepokelewa kavu na imefungwa, na Maganga ametia dole gumba. Crispin akamweleza hali ya zile barua tisa.

"Kama ni mimi," Gideoni alisema kwa hasira, "ningeacha picha ya harusi? Umbeya wangu ungeanzia hapo!"

Crispin aliinama kufunga kamba za viatu. Dawa ya jana ilikuwa imekauka na kuacha unga mweupe. Akaushika kwa kidole, akautazama kwa muda, kisha akaomba lifti ya lori la mpunga hadi kizuizini.

Mika alimfungulia daftari lake kwa fahari. "Kila wiki anapita hapa. Mara ya mwisho ni tarehe 11 Machi, saa 4:10 asubuhi. Maganga, baiskeli moja, mfuko wa ngozi mmoja. Umepulizwa nje na ndani."

"Ndani mlikuwa na barua!"

"Ngozi ni ngozi. Nikiuachia mmoja, Usangu nzima inabaki bila ng'ombe."

Saa tisa alasiri Crispin aliwakusanya Tekla, katibu na Maganga.

"Hakuna aliyefungua barua," alisema. "Dawa iliingia mfukoni, wino ukayeyuka, gundi ya bahasha ikaachia. Penseli haiyeyuki, ndiyo maana ile moja ilipona. Maganga, huo mfuko wa ngozi ni wa nani?"

Maganga alijibu: "Ni wangu. Nimeushona mwenyewe. Huo wa turubai ulikuwa unadondosha barua njiani."

"Ukaona zinaharibika, ukanyamaza!" Tekla alisimama. "Mama yangu ameuliza habari zangu mpaka amekata roho!"

"Nilizianika juani, dada. Nilidhani zikikauka zitasomeka. Mimi kusoma sijui." Akamgeukia Crispin. "Mika nilimwomba asipulize, akakataa. Sikumlaumu, na mimi nina ng'ombe."

"Kwa nini hukusema ofisini?" Crispin aliuliza.

Maganga alitoka, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na maombi matatu ya mfuko mpya, aliyoandikiwa na katibu. Juu ya kila moja palikuwa na jibu lilelile kwa wino mweusi: Hakuna fungu la fedha. Atakayebeba barua kwa mfuko usio wa Ushirika atafukuzwa.

"Katibu alinisomea hayo," Maganga alisema. "Sasa nisomee wewe, mzee. Aliyetia sahihi ni nani?"

Crispin hakuhitaji kusoma. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alitia sahihi karatasi za namna hiyo ishirini kwa siku, kabla ya chai.

"Mimi," alisema.

Alifungua kalamu yake ya wino aandike ripoti. Tekla akamwekea penseli mbele yake.

"Andika kwa hii. Na jina lako liwemo."

Akaandika yote kwa penseli, na jina lake likiwamo.

Ijumaa polisi hawakuja. Jibu la Mbeya lilifika baada ya wiki mbili: Maganga hakufungua barua za watu, ila amefukuzwa kazi kwa kutumia mfuko usio wa Ushirika. Kuhusu sahihi ya Mkaguzi Crispin, barua haikusema lolote.

Mfuko mpya wa turubai ulikuja Jumatatu iliyofuata. Maganga alikuwa akipita barabarani na ng'ombe wake, akamwona tarishi mgeni ameubeba.