Mlio wa Propela ya Mbele

Ngo. Ngo. Ngo. Saa nane za usiku, chini ya pikapu la Malale lililozimwa tangu magharibi, kitu kilikuwa kinagonga. Pudensiana akamkumbatia mwanawe Scola, asithubutu kumwamsha mumewe, Malale.

Kulipokucha gari likawashwa, likaendelea kugonga. Fundi Telesphor akaja pale Magamba, akapandisha magurudumu yote manne juu ya jeki na magogo, akatikisa viungo vya propela shafti, vyuma virefu vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, akamwaga oili ya difu, boksi la gia za ekseli, akitafuta chenga za chuma. Safi.

"Gari la mtumba lina siri kuliko mchepuko," akatania.

Mwisho akaivua propela ya mbele, akailaza kwenye turubai, Malale akaendesha kwa magurudumu ya nyuma tu. Ngo. Ngo. Mbele pale pale, mahali palipobaki wazi.

Fundi hakutania tena. "Shemeji," akamnong'oneza Pudensiana, "propela si hii hapa chini? Sasa kinachogonga ni nini?"

Pudensiana alijua. Wiki tatu nyuma, usiku wa mvua, Ndaki wa Mwamkulu alikuja dirishani, mkewe ameshikwa na uchungu, barabara yote matope, hakuna gari la kupita ila lenye fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na Malale amelala hoi, na yeye Pudensiana akiwaza damu kwenye viti vilivyoshonwa juzi tu akajibu kupitia wavu, "Gari bovu, kaka, propela ya mbele inagonga, ngo, ngo, haliwezi kufika," akauiga mlio ambao haukuwepo, na mwanamke yule akafa na mtoto tumboni kabla hakujapambazuka.

Bi Zaitun wa dukani, anayeandika kombe la kutibu wenye majini, aliinama chini ya gari akainuka amefunika pua.

"Damu ya uzazi. Jini hili halikutumwa, mwanangu, limeitwa, na sasa linatafuta mtoto. Aliyeliita akaseme kweli kwa yule aliyemdanganya. Upesi."

Pudensiana akapanda bodaboda hadi Mwamkulu, Scola mgongoni. Ndaki alikuwa anapukuchua mahindi. Pudensiana akayamwaga yote bila kuvuta pumzi.

"Najua," Ndaki akasema. "Kesho yake nililiona gari lenu linapita na magunia."

"Nisamehe, kaka."

"Sema polepole. Mama mkwe yuko ndani. Kila usiku gari linakuja hapa, tunalisikia wote, linagonga mpaka mlangoni, linasimama, na yeye anaamka anafungua, anamwita binti yake ajiandae, anasema Malale katengeneza gari, Mungu ambariki. Akijua lilikuwa zima, nitamzika na yeye."

"Nani huyo, baba?" sauti ya kizee ikauliza ndani.

"Mgeni tu, mama." Kisha kwa Pudensiana, "Mimi umeshaniambia. Yatosha. Apa."

Pudensiana akamgeuza Scola kifuani, akaweka kiganja juu ya utosi wake, akaapa kwamba hatamwambia mtu mwingine yeyote, hata yule mama wa ndani, ambaye naye alikuwa amedanganywa.