Madigadi ya Kushoto

Fundi Mita alikutwa amekufa saa saba mchana, chini ya gari alilokuwa akilijenga kwa miaka sita.

Miguu tu ndiyo iliyoonekana. Miguu miwili ndani ya viatu vya mpira, vidole vikielekea dari. Juu yake pikapu ya kizamani ilikuwa imeinamia upande wa kushoto, gurudumu la mbele limefunguliwa na kuegeshwa ukutani. Jeki ya mafuta ilikuwa imenywea hadi chini.

Inspekta alichutama, akatazama, akainuka haraka.

"Nani alimwona kwanza?"

"Mkewe, afande," alijibu Koplo, msaidizi wake, binti mwembamba asiyependa maneno mengi. "Alikuwa kliniki ya macho tangu asubuhi. Karudi, kamwita ale, kimya."

Gereji ilikuwa chumba kimoja kilichoungana na jiko la nyumba. Kila spana ilikuwa na msumari wake ukutani. Marehemu alikuwa msoma mita za maji kabla ya kustaafu, ndiyo maana watu wakamwita Mita. Pikapu yenyewe ilikuwa ya kuvutia macho. Alikuwa ameikwangua rangi yote hadi bati likang'aa, akaipunguza kimo cha paa, akaitengenezea bodi ya nyuma ya mbao zilizopigwa randa. Kwenye dashibodi, mahali pa geji ya mafuta, alikuwa amepachika kioo cha mita ya maji. Mtu aliyefanya vile alikuwa akicheka peke yake wakati anakifunga.

Daktari wa polisi alivua glavu. "Kifua kimepondwa. Kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ajali hii."

"Ajali," Inspekta alirudia, na moyo wake ukatulia.

"Afande," Koplo aliita. "Mpini wa jeki uko wapi?"

Ulikuwa ukutani, juu ya msumari wake.

"Jeki hii haishuki bila valvu kufunguliwa, na valvu inafunguliwa kwa ncha ya mpini. Imezungushwa mpaka mwisho. Sasa marehemu aliizungusha akiwa chini, akafa, kisha akaamka kuutundika?"

Walipouvuta mwili, Koplo alikunjua ngumi ya kulia. Ndani yake mlikuwa na kibati cha shaba, kama vile vinavyofungwa kwenye mita za maji. Kilikuwa kimepinda na kushika kutu ya kijani. Kiligongwa herufi kwa mkono: CHIRIKU.

"Tumwonyeshe mkewe?"

"Vibati kama hivi vimejaa kopo lile pale," Inspekta alisema, akionyesha rafu. "Weka kwenye mfuko wa vielelezo. Baadaye."

Mke wa marehemu alikuwa ameketi jikoni, jicho moja limefungwa bandeji ya kliniki. Inspekta alimwamkia, akampa pole, akafungua daftari.

"Mama, gari hili lilitoka wapi?"

"Kwa shemeji yangu, mwanangu. Kaka yake mkubwa, yule Mwalimu Mkuu mstaafu. Lilikaa bandani kwake miaka chungu nzima, limefunikwa turubai. Mume wangu aliliomba mpaka akakata tamaa. Siku aliyopewa alirudi hapa anaruka kama mtoto."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Lilikuwa rangi gani kabla hajalikwangua?"

"Kijani."

Aliandika "kijani". Kisha akafunua ukurasa mpya upesi, kama mtu anayefunika chungu asione kilichomo.

Majirani walimpa alichokihitaji. Jana yake mchana, walisema, Mita alikuwa akifokeana na mpaka rangi wa mtaa wa pili, yule wanayemwita Rangi. Walimsikia Mita akipiga kelele: "Wewe unajua! Niambie nani aliifanya!"

Inspekta hakungoja. Alimkuta Rangi akipiga msasa mlango wa gari la mteja. Alimfunga pingu palepale, mbele ya mteja, mbele ya mke wa Rangi aliyekuwa na mtoto mgongoni.

"Afande, nimefanya nini?"

"Utajua kituoni."

"Basi nivue hata ovaroli. Watoto wangu wananitazama."

"Panda."

Kituoni, Rangi aliketi mikono mapajani, vumbi la puti ya kusawazishia bati likiwa bado kwenye nyusi.

"Mligombana kuhusu nini?"

"Hatukugombana. Aliniuliza."

"Kwa kelele?"

"Kwa machozi. Alikuwa anakwangua madigadi ya kushoto. Akakuta puti nene kama kidole, na chini yake bati limenyooshwa na kuchomewa kwa gesi. Akanishika shati. Wewe unajua kazi za watu, niambie nani aliifanya. Nikamwambia kazi hii ni ya miaka ishirini na ushei nyuma, puti hii haiuzwi tena. Hakuna fundi wa hapa aliyeifanya. Mtu alilipeleka gari mbali, akalipa vizuri ili isionekane."

"Isionekane nini?"

"Kwamba liligonga, afande. Kule mbele, usawa wa taa."

"Leo saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Napiga msasa gari la mzee wa bima. Alikaa kwenye kiti ananisimamia tangu saa tatu mpaka mchana. Angekwambia palepale, ila hukumuuliza. Ndiye yule mteja uliyemkuta."

Koplo aliinamisha macho. Inspekta alifungua pingu kwa mkono wake mwenyewe.

"Samahani, fundi."

Rangi alijisugua vifundo. "Samahani hiyo utaisema hapa, afande, chumbani, mlango umefungwa. Pale mtaani ulinichukulia mbele za watu. Nitarudi vipi?"

Inspekta alijua kitu ambacho Rangi hakukijua. Alikuwa amemkamata kwa sababu alitaka muuaji awe yeye. Awe mtu yeyote, ila si yule aliyekuwa akimkwepa kichwani tangu aliposikia neno "kijani".

Koplo ndiye aliyempelekea mjane kibati. Hakuomba ruhusa mara ya pili. Inspekta alimfuata nyuma, akasimama mlangoni pa jiko.

Mama alikiinua karibu na jicho lake zima.

"Hiki mmekitoa wapi?"

"Kilikuwa mkononi mwa mzee."

"Chiriku ni binti yangu," alisema. "Alikuwa na mdomo! Anaamka anaongea, analala anaongea. Baba yake akamgongea kibati hiki, akakifunga mbele ya baiskeli yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Gari likamgonga jioni akitoka kwa shangazi yake, barabara ya kiwanda cha matofali. Halikusimama. Tulimzika, baiskeli tukairudisha nyumbani, lakini kibati hakikuwepo. Mume wangu alikwenda kukitafuta majanini wiki nzima. Polisi walisema gari halikujulikana."

Koplo aliandika. "Mwaka gani, mama?"

Mama aliutaja. Inspekta alijishika kizingiti.

Mwaka ule alikuwa konstebo wa miezi minne, kwenye kizuizi cha barabarani, barabara ileile. Jua lilikuwa linazama. Pikapu ya kijani ikaja polepole, taa ya kushoto imevunjika, madigadi imebonyea. Aliinua mkono. Dereva akashusha kioo, na alikuwa Mwalimu Mkuu, mtu aliyemfundisha kusoma, aliyemwandikia barua ya kumwombea kazi. "Nimegonga mti, kijana wangu," alisema. Konstebo alitazama taa. Halafu akatazama viatu vyake. Akapiga saluti, akainua kizuizi. Nusu saa baadaye ikaja habari ya mtoto.

Hakusema. Kesho yake hakusema. Wiki ilipopita, kusema kukawa kugumu zaidi kuliko kunyamaza. Miaka ishirini na miwili ilipita hivyo, na vyeo juu yake.

"Afande, unaumwa?" Koplo alinong'ona.

"Twende kwa Mwalimu."

Mwalimu Mkuu alikuwa sebuleni, shati limepigwa pasi, vitabu vimepangwa kwa urefu. Simu ya marehemu ilionyesha alipiga namba moja tu asubuhi ile, saa tatu na dakika kumi, na namba ilikuwa ya nyumba hii.

"Shikamoo, Mwalimu," Inspekta alisema. Neno lilimtoka kabla hajalizuia.

"Marahaba. Keti."

"Nitasimama. Una haki ya kunyamaza. Utakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani."

"Naijua sentensi hiyo. Nilikufundisha kusoma, wewe."

"Ulikwenda kwa mdogo wako leo?"

"Nilikwenda."

"Saa ngapi?"

"Kama saa nne."

"Uliondoka akiwa hai?"

Mzee alivua miwani, akaipangusa, akairudisha usoni ikiwa na ukungu uleule.

"Koplo," alisema, "unaandika haraka?"

"Naandika, Mwalimu."

"Basi andika. Mimi ndiye niliyemgonga mtoto. Jua lilikuwa usoni. Nilisikia kishindo, nikatazama kwenye kioo, nikaona baiskeli. Sikujua ni nani. Nilijua usiku uleule, walipokuja kuniita msibani. Mtoto wa mdogo wangu. Nilibeba jeneza. Nilisoma wasifu wake mbele ya watu, kwa sababu mimi ndiye msomi wa ukoo."

"Na gari ulimpa wewe."

"Aliniomba miaka kumi na sita. Kila aliponiomba niliona haya kumnyima, kisha nikaona haya kumpa. Mwishowe nikajiambia, fundi niliyelipeleka alikuwa hodari. Hataona. Na nilitaka apate kitu kutoka kwangu. Kitu cha kumfurahisha."

"Leo alikuambia nini?"

"Aliniambia, kaka, njoo. Nikaenda. Kibati kiko mkononi, macho mekundu. Nikajua imekwisha. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme. Akanitangulia. Akauliza, kaka, mwaka ule ulimwazima nani gari lako?"

Koplo aliacha kuandika.

"Haikumjia akilini kwamba ni mimi. Alikuwa ananionea huruma. Alisema, huyo mtu alikutumia na wewe, kaka, alikurudishia gari lililotengenezwa ukalificha bila kujua. Tutamtafuta pamoja, mimi na wewe. Kisha akajitupa chini ya gari hata bila kuweka stendi za kulishikilia, ili anionyeshe pale kilipokwama, kati ya madigadi na chesisi. Njoo uone, kaka. Inama uone."

"Na wewe?"

"Mpini ulikuwa kwenye jeki. Niliuzungusha."

"Kwa nini? Ulisema ulikuwa tayari kukiri."

"Kukiri kwa mtu anayekushuku ni rahisi, kijana wangu. Huyu hakunishuku. Jela sikuiogopa, nina miaka sabini na mitatu. Niliogopa kwamba atatoka mle chini, atanitazama usoni, na mimi nitaona uso wake ukibadilika. Hilo tu. Sikutaka kuuona uso ule."

"Mpini ukautundika," Koplo alisema.

"Niliutundika?" Mzee alishangaa kweli. "Basi ni mazoea. Nilifundisha miaka thelathini, kila kitu mahali pake."

Alinyoosha mikono. Inspekta alipomfunga pingu, mzee alisema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi cha Koplo kutosikia:

"Ulinipigia saluti siku ile. Uliiona taa, ukainama. Nikasema moyoni, naye anajua. Miaka yote hii tukikutana mjini ulikuwa unavuka barabara. Nilikuwa navuka na mimi."

Koplo aligeuka, akamtazama bosi wake. Alimshika mzee mkono, akamwongoza garini.

Saa kumi na moja jioni, Inspekta alisimama tena jikoni kwa mjane. Hakukaa. Alimweleza habari za shemeji yake, mwanzo hadi mwisho. Mama hakupiga yowe. Alikunja khanga magotini, akaikunjua, akaikunja.

"Kuna jingine, mama. Jioni ile nilikuwa kwenye kizuizi. Nililiona gari. Niliona taa imevunjika. Nilimjua dereva, nikanyamaza. Ningesema, mumeo angekuwa hai leo."

Maji yalichuruzika kwenye bomba ambalo Mita hakuwahi kulikaza.

"Umewaambia wakubwa wako?"

"Nakwenda kuwaambia."

"Usiende kuwaambia. Maneno yanapeperuka. Kaa hapo, andika."

Alimvutia kiti cha mumewe. Inspekta aliketi, akachukua karatasi za maelezo, akaandika kurasa mbili na nusu. Alipomaliza alimsogezea. Mama aliinamia karatasi kwa jicho lake moja, akisoma kwa kidole, neno kwa neno, na hakumwita tena mwanangu.

Kidole kikasimama.

"Hapa umeandika, gari likapita."

"Ndiyo."

"Halikupita. Ulilipitisha."

Inspekta alichukua kalamu. Alikata neno lile mstari mmoja, akaandika jingine juu yake, akatia sahihi pembeni pa masahihisho, kama sheria inavyotaka.