Mrangi Aliyeongea Kifipa

"Niko Kondoa," alisema Kasmir kwenye simu.

"Kondoa ipi?"

"Lydia, kwani Kondoa ziko ngapi? Kondoa ya Dodoma. Niko Kolo, kwenye michoro ya miambani. Nimeleta wageni. Si nilikuaga kwa meseji?"

Lydia alikuwa amekaa juu ya robota la vitenge kwenye kibanda chake, sokoni Sumbawanga. Kasmir alikuwa mwongoza watalii na mchumba wake halali. Jumapili inayofuata washenga wake walikuwa wapeleke mahari kwa Mzee Adolfu, baba yake Lydia. Baada ya harusi wawili hao wangesafiri pamoja: kwanza Kondoa, halafu Kilwa, halafu Mji Mkongwe wa Zanzibar, kila mahali ambapo dunia imepaandika kuwa urithi wake. Sasa bwana harusi mtarajiwa ametangulia peke yake, kama mtu anayeonja mboga kabla ya wageni.

"Na hiyo kengele ninayoisikia?"

"Kengele gani?"

"Ya kanisa, Kasmir."

"Kwani Kondoa hakuna Wakristo?"

"Wapo. Basi nipe Mrangi mmoja nimsalimie."

"Eeh?"

"Huko si kwa Warangi? Nipe mmoja. Yeyote."

Zikasikika purukushani, mnong'ono, na mtu akikohoa kikohozi cha kutunga. Kisha ikaja sauti nzito.

"Haloo. Mimi ni Mrangi."

Tangu Warangi wawepo duniani, hakuna hata mmoja aliyewahi kujitambulisha namna hiyo.

"Shikamoo, Mrangi. Habari za Kolo?"

"Marahaba. Kolo nzuri. Michoro haijambo."

Nyuma yake mtu akapiga kelele kwa Kifipa, lugha ya huku huku Sumbawanga, kuuliza shoka liko wapi. Mrangi, mtu mwenye asili ya kusaidia, akamjibu kwa Kifipa fasaha. Simu ikakatika.

Dakika hiyo hiyo meseji ikaingia: "Mtandao wa huku mbaya mpenzi. Nakupenda. Usinipigie."

Lydia alimsomea Avelina, rafiki yake wa kibanda cha jirani. Avelina alisikiliza akitikisa kichwa kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Shoga, sikutaka kusema. Wiki iliyopita mtu wako alinunua kitenge kwa yule mama wa kona."

"Kasmir? Anunue kitenge kwingine na mimi nauza vitenge?"

"Chenye maua mekundu. Na shanga."

"Za shingoni?"

"Za kiunoni. Tena uzi mrefu! Huyo mwanamke, kama ni mwanamke, ana kiuno kama tangi la maji."

Lydia akakumbuka. Siku za mwisho kabla ya "Kondoa", Kasmir alikataa chai yake. Lydia alipompa mkono, alirudi nyuma kama aliyeona siafu. Na alinuka moshi, yeye anayejipuliza manukato hadi kwenye soksi.

"Jumapili mahari hailetwi," alisema. "Nitamwambia baba awakatalie mlangoni."

"Usikatae kabla ya kuona kwa macho yako."

"Nione wapi? Kondoa?"

Jioni hiyo jibu lilikuja lenyewe nyumbani kwake, likitembea kwa miguu na kuona njaa. Lilikuwa Meshack, rafiki mkubwa wa Kasmir.

"Shemeji, nimeshindwa kunyamaza. Yule Mrangi ni mimi."

"Nilijua. Hakuna Mrangi mjinga vile."

"Kasmir alinilazimisha. Hayuko Kondoa. Yuko kilimani, nyuma ya Chala. Kuna mwingine huko. Wamemvika kitenge na shanga, wanamwimbia usiku kucha. Nimeona mwenyewe."

Kwa adabu aliyolelewa nayo, hata akiwa amevunjika moyo, Lydia alimwandalia mgeni ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa ziwani kutoka Kasanga. Meshack, aliyekuja na huzuni nyingi, alikula migebuka yote na kuomba mchuzi. Kisha akanawa na kumshika Lydia mkono.

"Usiende huko, utajiaibisha. Mwache. Mimi nilikupenda kabla yake, shemeji."

"Unaniita shemeji na unanishika mkono?"

"Basi nisikuite shemeji."

Lydia akautoa mkono wake. Katika wale wanaume wawili mmoja alikuwa mwongo, na kwa namna Meshack alivyokuwa akijilamba vidole, huenda walikuwa wote wawili.

Asubuhi yeye na Avelina walipanda basi la Namanyere, wakashuka Chala. Walipotoka stendi kengele ya misheni ikalia. Ilikuwa ile ile ya kwenye simu.

"Karibu Kondoa," alisema Avelina.

Walipanda kilima wakifuata moshi. Juu walikuta kamba imezungushwa, na katikati yake limesimama ilungu, lile tanuru la udongo la kuyeyushia chuma, refu kumzidi mtu, kama yale magofu yanayoonekana mashambani kote Ufipa. Lakini hili lilikuwa jipya na lilikuwa likifuka moshi. Kwenye nguzo pembeni kulitundikwa kitenge chenye maua mekundu, kimevuliwa kisiungue moto. Na kiunoni mwa ilungu, kwa kuzunguka mara moja tu, zilikuwa zile shanga.

"Kiuno cha tangi la maji," alinong'ona Avelina. "Nilisema."

Lydia hakujua acheke au alie. Hakupata nafasi ya chochote, maana ndani ya kamba kulikuwa na kesi. Kasmir alikuwa amesimama kifua wazi, mweusi kwa masizi, katikati ya wanaume waliokunja sura. Mbele yao kulikuwa na rundo la mawe yaliyoungua, yasiyo na chuma. Mzee Isdori, fundi mkuu, mwenye hasira ndefu kuliko kimo chake, alikuwa akimfokea.

"Wiki ijayo wageni waliotoka kuiona michoro ya Kondoa wanakuja kuona urithi wetu ukifanya kazi. Tutawaonyesha nini? Mawe ya kuchoma?"

"Mzee, sijavunja mwiko," alisema Kasmir.

"Ilungu likishavishwa ni mke wa mafundi wote! Mpaka chuma kitoke, fundi haendi kwa mwanamke, hali chakula chake, hashiki mkono wake. Likiona wivu halitoi kitu! Na hapa mwenye mchumba ni nani? Ni wewe. Ondoka. Hutapata hata kipande."

"Mzee, nahitaji kipande kimoja tu. Cha jembe. Jumapili..."

Lydia akaganda. Siku ya posa Mzee Adolfu alitaka mahari ya kawaida, kisha akaongeza jembe moja la chuma cha Ufipa, lililoyeyushwa kama enzi za babu zake, si la dukani. Watu wote walicheka. Mzee Adolfu hakucheka. Na Kasmir, kumbe, ndiye pekee aliyemsikiliza.

"Wee mama!" Mzee Isdori alimwona. "Usivuke kamba!"

"Shikamoo mzee. Sivuki. Naomba kusema."

Kasmir aligeuka. Kama masizi yangeweza kupauka, yangepauka.

"Lydia..."

"Nyamaza, wewe uko Kondoa." Akamgeukia mzee. "Mimi ndiye mchumba wake. Nilikuja kumwacha. Lakini siwezi kumwacha kwa kosa ambalo hakulifanya. Huyu hajala kwangu. Nilimpa chai akaikimbia. Nilimpa mkono akarudi nyuma. Nimelia kwa ajili ya huo mwiko wenu bila kujua ni mwiko."

Mafundi wakatazamana.

"Basi nani?" aliuliza Mzee Isdori.

Lydia aliwapitia kwa macho mmoja mmoja. Nyuma kabisa, mtu mmoja alikuwa amependa sana kuangalia viatu vyake.

"Jana jioni zamu ya kuongeza makaa ilikuwa ya nani?"

"Ya Meshack," akajibu fundi mmoja.

"Meshack jana jioni alikuwa kwangu mjini. Alikula migebuka yangu yote, akanishika mkono, akaniambia nimwache Kasmir nimpende yeye."

Mafundi wote wakamgeukia yule mtazama viatu.

"Mrangi," alisema Kasmir taratibu. "Kweli?"

"Mshikaji wangu, nilikuwa napeleka salamu tu..."

"Kwa kumlia mtu migebuka?" alifoka Mzee Isdori. "Umeacha moto ufe! Umeliacha ilungu, ukaenda kumtaka mke wa mwenzio! Toka! Na unapotoka, beba mawe yako!"

Meshack alishuka kilima na gunia la mawe begani. Wenye elimu watasema tanuru lilikosa makaa. Mafundi walisema lilikosa heshima. Meshack alikuwa amelinyima vyote viwili, kwa hiyo hakuna aliyebishana.

Kasmir akaja hadi kwenye kamba, akasimama mbali kidogo.

"Nisamehe. Ningekuambia ukweli ungekuja na hotpoti."

"Ningekuja nayo, ndiyo! Kwani kosa?"

"Na mimi ningekula."

Lydia alitaka kukasirika zaidi lakini midomo ikamsaliti.

"Sijakusamehe, Kasmir. Nimesema kweli tu. Mwiko ungeniambia, ningekaa mbali. Uliona siwezi?"

Kasmir akainamisha kichwa. "Niliogopa mimi ndiye nisiyeweza."

Alinyoosha mkono kuelekea kamba, kisha akakumbuka, akaurudisha mgongoni. Lydia alimwona akiurudisha. Hapo ndipo alipomsamehe, ila hakumwambia hadi Jumapili.

Moto uliwashwa upya bila Meshack, na chuma kikatoka. Jumapili washenga walichelewa hadi Mzee Adolfu akaanza kuuliza kama nao wamekwenda Kondoa. Walipofika walitoa jembe limefungwa kwenye kitenge chenye maua mekundu. Lilikuwa limepinda na lina mashimo. Mzee Adolfu aliligonga kwa kucha, akasikiliza, akaligonga tena.

"Baya," alisema. "Lakini letu. Mleteni huyo kijana."

Baada ya harusi, Avelina alipigiwa simu akiwa sokoni.

"Shoga, niko Kondoa!" Sauti ya Lydia ilijaa upepo. "Tuko Kolo. Michoro ni myekundu kama imechorwa juzi, na wenyeji bado wanapanda huku kuombea mvua. Kasmir ameambiwa avue viatu, amevua na soksi!"

"Kondoa ipi?"

"Avelina!"

"Nipe Mrangi mmoja nimsalimie."

Simu ikapita mkono kwa mkono, na bibi mmoja akamwaga maneno ambayo Avelina hakuelewa hata moja.

"Haya," alisema Avelina, akirudi kwenye vitenge vyake. "Huyo ni Mrangi."