Vumbi Lisilo na Mdudu

Asubuhi ya Jumatatu, mwaka 1972, Mektrida aliingia kihambani kwake Kibosho, shamba la ukoo aliloachiwa na mumewe, kukata majani ya ng'ombe, akakuta mibuni tisa imenyauka. Kila shina lilikuwa na tundu, na chini yake unga wa mti. Akapiga yowe.

"Bungua huyo!" shemeji yake Primus alidakia kutoka nyuma ya ua wa masale, mimea iliyotenganisha vihamba vyao. Ndipo akavuka kuja kutazama. "Sikusema? Mjane peke yako, kihamba kizima! Jumamosi ukoo unakaa, nitawaeleza."

Mektrida alielewa tishio hilo. Kihamba kilichotelekezwa kingepewa ndugu wa marehemu, naye angerudishwa kwao na mabinti zake.

Akamkimbilia Avelina, balozi wa nyumba kumi, mama asiyejua kukaa kitako. Walipofika kihambani, Avelina alichutama, akainuka, akazunguka, akachutama tena. Nyigu wembamba wenye mikia kama sindano walikuwa wakitua mashinani, wanapapasa gome, kisha wanaruka zao.

"Hawa ndio aliotuonyesha Bwana Shamba," Mektrida alisema. "Wananusa unga wa bungua. Wakimpata funza wake ndani ya mti, wanachoma mkia na kumtagia mayai. Watoto wao wanamla."

"Mbona hawa hawachomi?"

Avelina akapasua shina kwa panga. Tundu lilikuwa limenyooka. Hakukuwa na funza, ila harufu ya mafuta ya taa.

"Hii kazi ya keke ya kutobolea mbao, mwanangu. Mtu katoboa, akamimina mafuta mti ufe."

Keke ilikuwa kwa Filemon seremala, aliyegombana na Mektrida juu ya mbuzi aliyemlia mazao.

"Filemon, keke yako wiki iliyopita ilikuwa wapi?"

"Hapo msumarini, Mama Balozi. Nani haichukui? Hapa kwangu wanaoomba ruhusa ni wageni tu, majirani wanajichukulia!"

"Na unga huu?" Avelina akafungua fundo la kanga.

Filemon akaunusa, akacheka. "Keke inatoa maranda, mama. Huu umetafunwa. Au mbuzi wangu katafuna na mti?"

Avelina aliondoka, akasimama njiani. Unga wa bungua kweli, kwenye mti usio na bungua. Umetoka wapi? Halafu akakumbuka ile sauti ya nyuma ya ua aliyosimuliwa na Mektrida.

Jumamosi ukoo ulikaa uani kwa Mektrida. Primus alikuwa bado anaeleza pale Avelina aliposimama.

"Wazee, kwanza twendeni ng'ambo ya masale."

"Kwangu kuna nini?" Primus aliruka.

Mibuni yake ilikuwa ya manjano, chini kumefagiliwa kama kanisani. Lakini nyigu walijaa, mikia imezama kwenye magome. Avelina akapasua shina moja. Funza mweupe, mnene, akajinyonganyonga.

"Mdudu yuko kwako, unga wake uko kwa mjane. Umetembea kwa miguu? Na siku ile ulimtajaje bungua kabla hujavuka ua?"

Primus akamtazama Mzee Kastori, mkuu wa ukoo.

"Yangu yote inakufa, mzee. Nilitaka yake iliyo hai, kabla watu hawajagundua."

"Kihamba ni cha Mektrida na mabinti zake," Kastori alisema. "Tumemaliza."

Primus akakata jani la isale kwenye ua wa mpaka, akamnyooshea Mektrida kwa mikono miwili. Isale la msamaha halikataliwi. Kila mtu alijua, na Primus alijua zaidi.

Mektrida akalipokea, akalichomeka kiunoni. Kisha akachukua panga la Avelina, akamkabidhi Primus.

"Nimekusamehe, shemeji. Sasa kata. Miti yote yenye mdudu ichomwe leo, nikiwa nimesimama hapa hapa."