Taa ya Chumba cha Kupimia

Tarehe 9 Januari. Asubuhi ile baridi iliuma hata ndani ya glovu za manyoya, na moshi wa makaa ulilala juu ya mji wetu wa nyikani kama sanda.

Saa mbili, muuguzi Sarnai aliwasha mashine inayopima jicho kwa mawimbi ya sauti. Picha ya jicho la Bibi Khandsuren, iliyokuwapo hadi jana, ilikuwa imefutwa. Za wengine zote zilikuwapo.

Mwezi wa Novemba bibi aliambiwa kwamba pembe za macho yake, mahali maji ya ndani ya jicho yanapopita kwenda nje, ziko wazi. Wiki iliyopita presha ya jicho ilipanda ghafla, la kulia likapofuka. Alibaki na la kushoto. Daktari Lkhagvajav, aliyempima, alikataa kulitoboa kwa leza ili maji yapate njia.

"Vipimo vilisema ni mazima," alishikilia.

Luteni Narmandakh wa polisi alianza na Tumurbat, mwana wa bibi, aliyetishia kuivunja mashine.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Zizini, afande."

"Shahidi wako nani?"

"Kondoo. Kawahoji."

"Usinitanie!"

"Mimi simu yenyewe inanishinda. Nifute picha moja, niache nyingine? Ningekuja na shoka."

Luteni aliliamini lile shoka. Isitoshe, neno la siri la mashine walikuwa nalo wawili tu: daktari na Sarnai.

Sarnai alilia. "Si mimi, dada. Mimi nilimchapishia bibi nakala alipoiomba. Daktari hajui."

Katika hema la bibi, upande wa heshima unaotazamana na mlango, ilisimama fremu ya picha za familia. Luteni aliomba kimoyomoyo kabla ya kuigusa.

"Yule marehemu mume wangu," bibi alisema. "Yule farasi wetu aliyeshinda mbio. Na lile jicho langu. Wote wameniacha."

Mboni katika picha ilikuwa ndogo mno.

"Bibi, siku ile walikupimaje?"

"Chali, mwanangu, kikombe cha maji juu ya jicho. Na taa ikinichoma usoni."

Saa tisa wote walikuwa kliniki.

"Mzee huyu amesahau," alisema daktari. "Mimi hupima gizani siku zote."

"Basi lipime la kushoto," Luteni alisema. "Kwanza kwa taa, kisha gizani."

Kwa taa, mboni ilisinyaa na pembe ikaonekana wazi, sawasawa na picha ya kwenye fremu. Sarnai akazima taa. Wakangoja. Mboni ilitanuka, nyama ya rangi inayoizunguka ikajikunja pembeni, na njia ya maji ikaziba mbele ya macho yao.

"Na mama anashinda gizani hemani baridi yote hii," Tumurbat alinong'ona.

Daktari alikaa chini. "Foleni ilifika nje, watu wanaganda. Kungoja jicho lizoee giza kunachelewesha. Nikaacha taa. Alipopofuka, nikafuta picha."

"Na la kushoto? Ungeliacha life?"

"Kulitoboa ni kukiri kwamba nilikosea la kulia, Luteni. Niliogopa."

Tumurbat aliinuka, ngumi imekunjwa. Bibi akamshika mkono.

"Kaa, mwanangu. Mji huu hauna daktari mwingine." Akamgeukia Lkhagvajav. "Na wewe sema. Kwa sauti, wote wasikie."

Daktari alisimama.

"Mbele ya mwanao, Sarnai na Luteni, naahidi: leo hii nitalitoboa jicho lako. Nikimaliza nitakwenda na Luteni kituoni kuandikisha yote. Na kila niliyempima taa ikiwaka ataitwa, apimwe upya gizani, hata kama kila mmoja atakuja kunilaani."