Meno ya Watu Ishirini

Kila Jumamosi asubuhi Twaiba alifagia duka la kompyuta la shangazi yake, Mwanarusi, pale Ukunda. Akishamaliza, aliruhusiwa nusu saa ya mtandao. Ulikuwa mwaka wa 1999, na mtandao wenyewe ulikoroma na kupiga miluzi kabla ya kufunguka.

Humo alikuwa na rafiki, Gillian, msichana wa Nairobi. Soga zao hazikuwa na kichwa wala miguu. Siku hiyo walianza kubishana kipi kitamu, wali wa nazi au ugali. Kutoka ugali wakaingia mahindi ya kuchoma, kutoka mahindi wakaingia meno, na kutoka meno Gillian akaingia falsafa.

"Zamani sana," Gillian aliandika, "Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, alisema wanaume wana meno mengi kuliko wanawake. Ni kweli?"

Twaiba hakujua. Lakini kumwambia mtu wa Nairobi "sijui" kulimshinda. Vidole vikaitangulia akili: "Kweli kabisa. Nimehesabu meno ya watu ishirini hapa kwetu."

"Ajabu! Nitamwambia mwalimu wetu wa sayansi. Jumamosi ijayo niletee majina na hesabu."

Sasa ilibidi Twaiba ahesabu kweli. Alianza na Kahindi, bawabu wa duka jirani.

"Shikamoo, mzee Kahindi. Naomba ufungue kinywa."

"Marahaba. Kwani mimi mbuzi wa mnada?"

Baada ya kubembelezwa sana alifungua. Meno ishirini na manane. "Manne yaling'olewa," alisema kwa haya. "Ujanani mimi na mswaki tulikuwa maadui."

Bibi Mwanasha alikuwa na matano, na alicheka mpaka yote yakaonekana. Babu alikuwa nayo mengi, meupe, yamepangika vizuri. Shida ni kwamba yalikuwa ndani ya gilasi ya maji. Kufikia Ijumaa, majirani wakimwona Twaiba walifumba midomo. Alikuwa amepata watu tisa tu, na aliyewashinda wote ni shangazi yake: thelathini na mawili, yote yake mwenyewe!

Jumamosi alikaa mbele ya kompyuta akaanza kubuni watu.

"Huyu bibi wa Msambweni mwenye meno kumi na tisa ni nani?" sauti ya shangazi ikauliza nyuma yake.

Twaiba akaangua kilio, akaeleza yote.

"Na mwenzako akienda kuaibika mbele ya mwalimu wake?" shangazi aliuliza. "Futa, mwanangu. Andika ulichokiona."

Akafuta. Akaandika: "Nilikudanganya. Sikuwa nimehesabu hata mtu mmoja. Sasa nimehesabu tisa, na Aristotle amekosea. Nisamehe."

Jibu lilichelewa mpaka Twaiba akadhani urafiki umekwisha. Kisha likaja:

"Nimekusamehe, lakini umechelewa. Mwalimu hakuniamini, akaniamuru nihesabu meno ya darasa zima. Austine ameniuma kidole."

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Alipotulia, alimfuta Twaiba machozi kwa ncha ya leso.

"Hata mwenye hekima hukosea, mwanangu, na watu wakamfuata bila kutazama. Kusema 'sijui' si aibu. Ndipo kutafuta kunapoanzia. Aibu ni kusema 'nimeona' nawe hukuona. Njia ya mwongo ni fupi."